Transfoma ya kutolea sauti kwenye maiki ya kondensa ya kujiundia: besi imekonda na inakwaruza

Sauti_Igoma

Wakuu habari za jioni. Niko Mwanza, Igoma, kazi yangu ni kurekodi kwaya na vikundi vya ngoma. Nimejiundia maiki ya kondensa, inafanya kazi, lakini haijafika pale ninapotaka, na naomba mwenye uzoefu anisaidie kabla ya Juni. Mnajua mwezi huo ni Bulabo, tamasha la ngoma za Kisukuma, kule Bujora, Kisesa, vyama viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu, vinashindana kucheza, na nataka mwaka huu nirekodi ngoma zao kwa kitu nilichokitengeneza mwenyewe.

Maelezo ya saketi ni haya. Kapsuli (sehemu inayopokea sauti) ni ya elektreti, yaani yenye chaji yake ya kudumu, milimita 25, haina FET (transista ya kukuza sauti) ndani yake. FET niliyoweka ni 2N3819. Miguu yake ni geti, inayopokea sauti, dreni na sosi. Geti ina rezista ya 1G kwenda ardhini. Dreni ina 22k, sosi ina trimpoti (rezista ya kurekebishwa) ya 10k ambayo haina kapasita juu yake, na nimeirekebisha mpaka dreni ikasoma volti 9. Umeme unatoka kwenye fantomu ya miksa (volti 48 zinazopita kwenye waya uleule wa maiki) kupitia rezista mbili za 2.2k, moja kutoka pini 2 na nyingine kutoka pini 3, zinakutana kwenye zena (diodi ya kuzuia volti isizidi) ya volti 18. Kutoka dreni sauti inapita kapasita ya 1 µF kwenda kwenye transfoma niliyoitoa kwenye modemu ya zamani ya simu ya mezani. Ni 1:1, omu 600 kwa omu 600. Jamaa yangu ana mita ya kupimia koili, tukapata henri 2 (henri ni kipimo cha koili). Upande wa pili wa transfoma umeungwa moja kwa moja pini 2 na pini 3.

Matatizo: kwanza, sauti ni ndogo, nafungua gaini (ukuzaji wa sauti) ya miksa karibu yote na ile "shhh" inakuja nayo. Pili, besi hakuna. Mwanakwaya wa besi anasikika kama anaimba kwenye simu. Tatu, ngoma kubwa ikipigwa karibu, sauti inakwaruza, na chaneli 1 ya miksa inakwaruza zaidi kuliko chaneli 2, sijui kwa nini. Nne, kuna asubuhi inatatarika, "tata, tata", halafu mchana inatulia.

Kuna fundi wa kusuka mota pale Mlango Mmoja ananiambia anaweza kunisukia transfoma nyingine. Nimpe kazi? Au niachane na transfoma kabisa?

mvuvi_wa_mawimbi

Mkuu, toa transfoma. Tafuta saketi ya mtindo wa Schoeps: FET moja inagawa sauti pande mbili, transista mbili za PNP zinatoa pini 2 na pini 3, umemaliza. Vifaa vyake unavipata kwa hela ya soda. Hata Neumann wenyewe, watengenezaji maiki wa Ujerumani, walishatoa maiki zisizo na transfoma: TLM 170 ya mwaka 1983, na KM 184 ya 1993 ilipokea nafasi ya KM 84 iliyokuwa na transfoma. Kama wao wameiacha, wewe unahangaika nayo ya nini?

Fundi_Mabatini

Kijana wangu wa Igoma, usiitupe hiyo transfoma, na usimpe fundi wa mota hela yako. Ngoja kwanza tusome namba ulizotupa, maana karibu majibu yote yamo humo.

Ukichukua sauti kwenye dreni, ukinzani wa chanzo chako unakuwa karibu sawa na rezista ya dreni, yaani 22k. Mlango wa maiki wa miksa nyingi ni kama 2k. Transfoma yako ni 1:1, kwa hiyo FET inaiona ile 2k jinsi ilivyo, haijapunguzwa wala kuongezwa. Sasa gawanya: 2 juu ya 24. Unabaki na sehemu moja ya kumi na mbili. Hizo ni desibeli kama 22 zimepotea kabla sauti haijaingia kwenye waya. Na kwa kuwa sosi yako haina kapasita, gaini ya FET hapo ni kama mara 4 tu. Mara 4 ukigawa kwa 12, theluthi moja ya kile kapsuli ilichotoa ndiyo inayofika kwenye miksa. Hiyo ndiyo "shhh" yako. FET haina tatizo, wala kapsuli.

Besi nayo ni hesabu hiyohiyo. Koili ya transfoma kwa sauti za chini inakuwa njia ya mkato, inaimeza sauti. Mahali inapoanza kumeza unapata kwa kugawa ukinzani unaoizunguka kwa 6.28 mara henri. Ukinzani ni ile 22k na 2k zikiwa sambamba, karibu 1.8k. Koili ni henri 2. 1800 gawanya kwa 12.6, unapata hezi 140 na kitu. Chini ya hapo inateremka. Mwimbaji wa besi anashuka mpaka karibu hezi 80, na ngoma kubwa ya Kisukuma uzito wake wote uko chini. Umewakata wote.

Kukwaruza kunatoka hapohapo. Kiini cha chuma kinahitaji mkondo wa kukisumakisha, na mkondo huo haufuati umbo la sauti sawasawa, hasa sauti nene. Chanzo chenye ukinzani mdogo kinautoa mkondo huo bila volti yake kuyumba. Chanzo cha 22k kinayumba, na kule kuyumba ndiko unakosikia. Transfoma ileile, ikisukumwa na chanzo cha omu 100, inakuwa kifaa kingine kabisa. Hili nalisisitiza kwa sababu vijana wengi mnaulizana "transfoma gani ina sauti nzuri" bila kutaja inasukumwa na nini. Swali halijakamilika.

Njia ziko mbili.

Ya kwanza ni ya wakubwa: KM 84 ya 1966, U 87 ya 1967. FET inatoa sauti kwenye dreni, halafu transfoma inashusha. Chukua 10:1 kama mfano. Ukinzani unabadilika kwa mraba, kwa hiyo 10:1 ni mara 100. Ile 2k ya miksa FET inaiona kama 200k, haiilemei tena. Ile 22k ya dreni miksa inaiona kama omu 220, ambayo ndiyo tabia ya maiki ya kawaida. Volti inashuka mara 10, desibeli 20, kwa hiyo lazima uweke kapasita kubwa sambamba na trimpoti ya sosi ili gaini ya FET ipande, la sivyo utarudi kwenye sauti ndogo. Mpaka hapo ni vizuri sana. Lakini tazama henri: ukinzani sasa ni karibu 20k, na ukitaka besi ianzie hezi 20 unahitaji koili ya karibu henri 160. Henri 160 ndani ya kitu kinachoingia kwenye mwili wa maiki! Huo ni waya mwembamba kuliko unywele, mizunguko maelfu, kwenye kiini cha aloi ya nikeli ambacho ukikipinda au kukidondosha kinapoteza nguvu. Fundi wa mota ni mtu wa kazi na namheshimu, lakini waya wake na chuma chake ni cha mota. Za aina hii wanatengeneza Lundahl wa Uswidi, Cinemag na Jensen wa Marekani. Ukipata mtu wa kukuletea, nunua moja, utaitumia maisha yako yote.

Ya pili ndiyo nakushauri sasa hivi: transfoma ibaki, saketi ibadilike. Dreni iunge moja kwa moja kwenye volti 18. Sosi iwe na rezista ya 10k kwenda ardhini, utaona kama volti 2 na nusu pale. Hapo unga beisi ya BC549C, transista yenye miguu mitatu: beisi, kolekta na emita. Kolekta kwenye 18, emita na rezista ya 1k kwenda ardhini. Kwenye emita toa sauti: rezista ya omu 100, kisha kapasita ya 220 µF, upande chanya uelekee emita, kisha transfoma yako ya modemu. Usiweke kapasita ndogo. Ikiwa ndogo inatengeneza mwinuko na koili kule chini, unapata besi ya kuvimba ambayo haipo kwenye ngoma. Chanzo sasa ni omu 200 hivi, pamoja na waya wa koili yenyewe. Piga hesabu tena kwa henri 2: unakata kwenye hezi 14 au 15. Na gaini? Saketi haiongezi kitu, inatoa karibu kilekile kilichoingia, lakini theluthi uliyokuwa unapata imekuwa karibu nzima. Karibu desibeli 9 zaidi.

Zena usiiondoe. 2N3819 haivumilii zaidi ya volti 25 na BC549 haizidi 30, kwa hiyo bila zena fantomu itaziua. Ila zena ina kelele yake, weka rezista ndogo na kapasita ya 100 µF baada yake.

Kuhusu ndugu yangu mvuvi, saketi ya Schoeps ni nzuri na sina ugomvi nayo. Studio, chumba kimoja, waya mfupi, itafanya kazi vizuri tu. Mimi nasimamia transfoma kwa sababu ya mahali kijana anapokwenda. Uwanja wa wazi, jenereta linanguruma pembeni, waya wa maiki unapita juu ya nyaya za umeme kwa makumi ya mita, simu za watu mfukoni. Kelele inayoingia kwenye pini 2 na pini 3 kwa pamoja, transfoma inaikataa bila kutegemea transista mbili kufanana. Udhaifu wake ni usumaku. Ya modemu haina kikinga, kwa hiyo ukiweka maiki karibu na amplifaya kubwa itavuma hezi 50. Kabla hujaigundisha ndani ya mwili, isogeze karibu na adapta ya umeme ukiwa umevaa hedifoni, izungushe taratibu, utasikia mvumo unapungua upande fulani. Ipachike kwa upande huo.

Jambo la mwisho. Umesema chaneli 1 inakwaruza zaidi kuliko chaneli 2, ukalipita kama si kitu. Hapo umenishtua. Chomoa maiki. Washa fantomu. Mita yako iweke kwenye miliampia za DC, gusa pini 2 na pini 1 ya chaneli 1, soma. Kisha pini 3 na pini 1. Usiogope, fantomu ina rezista za 6.8k ndani, haiungui. Kila mguu utoe karibu miliampia 7. Nipe namba za chaneli zote mbili.

Sauti_Igoma

Shikamoo mzee, na asante sana. Nimesoma taratibu huku nachora. Leo sikuwa na BC549C, nimepata ya kuagiza dukani mjini, lakini nimepima miksa.

Chaneli 2: pini 2 imesoma 7.0, pini 3 imesoma 6.9.

Chaneli 1: pini 2 imesoma 7.0. Pini 3 imesoma 1.9. Nimebadilisha waya nikarudia, ni ileile.

Nina maiki ya kununua, ya aina isiyo na transfoma, na kwenye chaneli hiyohiyo naona inafanya kazi kama kawaida. Imekuwaje yangu ndiyo inateseka?

Dada_Nyegezi

Kaka wa Igoma, mzee atakujibu hilo la miliampia. Mimi naomba niguse kule kutatarika kwa asubuhi, maana naona watu wamelipita, na mimi naishi karibu na maji, najua unachokisikia.

Pale kwenye geti una 1G. Hiyo ni omu bilioni moja. Kitu chochote kinachopitisha umeme kidogo sana pembeni yake kinakuwa rezista ya pili: mafuta ya kidole, mabaki ya fluksi ya solda, ubao wa bei nafuu ulionyonya unyevu. Asubuhi hewa ya ziwani imejaa maji, unyevu unakaa juu ya ile fluksi, umeme unavuja kwa kurukaruka, na kila mruko unausikia kama "ta". Jua likipanda, ubao unakauka, kimya. Kapsuli watu huwa wanailaumu bure.

Chomoa kapsuli kabisa kwanza, kimiminika kisiiguse. Kisha osha sehemu ya geti kwa isopropili (alkoholi ya kusafishia) ya asilimia 99 na brashi laini, ya kwanza iyeyushe, ya pili iondoe. Usitumie spiriti ya rangi ya kuwashia jiko, inaacha utando. Ikishakauka usiguse tena kwa vidole.

Halafu, na hili ndilo lenye faida kubwa kuliko yote, mguu wa geti usipite kwenye ubao. Uinue. Mguu wa geti, mguu mmoja wa ile 1G na waya wa kapsuli vikutane hewani, solda kidogo, visiguse kitu chochote. Ukitaka vishikiliwe, tumia kijiti cha tefloni. Hewa ni kihami kizuri kuliko ubao wowote utakaouziwa, hata hewa yetu hii. Ukimaliza kurekodi, maiki isilale kwenye stendi dirishani. Iweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu, ila vikaushe kwanza kwenye moto mdogo, vingi vikifika kwetu vimeshajaa maji.

Na kuhusu transfoma au bila transfoma, kwa kwaya ndani ya kanisa mimi natumia maiki zisizo na transfoma na naridhika nazo. Kwa Bulabo, nakubaliana na mzee.

mvuvi_wa_mawimbi

Dada umesema kweli kuhusu kuinua geti. Na mimi naongeza: kapasita ya 1 nF kutoka pini 2 kwenda kwenye mwili wa maiki, na nyingine kutoka pini 3, palepale kwenye soketi, miguu mifupi. Mnara wa redio ukiwa karibu, transfoma peke yake haizuii. Masafa ya juu yanavuka kati ya koili mbili kama hakuna kikinga.

Mzee, hoja ya uwanjani nimeielewa. Ila bado nasema akiwa na muda ajenge zote mbili azisikilize.

Fundi_Mabatini

Marahaba kijana. Ajenge zote mbili, naam, hilo sina shida nalo.

Sasa chaneli 1. Mguu wa pini 3 una rezista iliyopanda thamani. Miliampia 1.9 kwa volti 48 ni karibu 25k badala ya 6.8k, au kuna solda iliyochoka hapo. Maiki yako ya kununua inachukua umeme wake kwa miguu yote miwili na haina koili inayounganisha pini 2 na pini 3. Mguu mmoja ukidhoofika, mwingine unabeba, nayo inaendelea. Yako ina koili pale. Pini 2 ina umeme mwingi, pini 3 ina kidogo, na koili ni njia nyepesi kati yao, kwa hiyo umeme wa DC unavuka ndani ya transfoma kwenda kusaidia upande dhaifu. Kwa rezista zako za 2.2k na zena ya 18, nimepata zaidi ya miliampia 1 inapita kwenye koili muda wote. Kiini kidogo kama kile kinasumakishwa upande mmoja hata kabla mtu hajaimba. Ngoma ikipigwa, upande ule hauna nafasi tena, unagonga ukuta. Henri 2 mlizopima mezani, pale kwenye chaneli 1 hamnazo, zimeshuka.

Ungenunua transfoma ya nikeli ya bei kubwa ukaichomeka hapo, ingekwaruza zaidi, maana nikeli inajaa upesi kuliko chuma cha kawaida. Ndiyo maana nilishtuka. Na kiini cha nikeli kikishapigwa na DC kinaweza kubaki na usumaku hata baada ya kuchomoa.

Fungua miksa ikiwa imechomolewa ukutani, subiri kapasita zake ziishiwe. Fuata nyaya za soketi ya chaneli 1, utakuta rezista mbili zinazofanana zinakwenda kwenye njia ya volti 48. Badilisha zote mbili, usibadilishe iliyokufa peke yake. Nunua kumi za 6.8k, za asilimia 1, zipime moja moja kwa mita yako na uchague mbili zinazokaribiana kabisa. Kiwango cha fantomu kinataka zisitofautiane zaidi ya asilimia 0.4, na kati ya kumi hukosi jozi. Pitisha solda mpya pia kwenye miguu ya soketi yenyewe, maana soketi za miksa zinazobebwa kwenye bodaboda hulegea hapo. Ukishafunga, pima tena miguu yote miwili ya kila chaneli ya miksa, siyo hizi mbili tu, halafu andika namba kwa kalamu juu ya utepe, bandika chini ya miksa. BC549C zikifika, tuma picha ya ubao kabla hujawasha, nitaukagua.